Mlango wa Mama wa Kihindi

Jumatatu, 12 Oktoba 1998

Msiba! Runinga imezima saa ya mchezo wa Kihindi. Ukumbi wa Nyanya yangu umejaa wanawake wa Kibokoni, chai imeshamiminwa. Yule mama mwenye dhahabu mpaka puani yuko ghorofani. Binti yake aliyeolewa bila ruhusa anabisha chini. Mama anashika komeo la chumba chake... giza! Maandishi meupe kwenye kioo cheusi.

Macho yote kwangu. Haki yao. Nani fundi wa dishi mtaa huu kama si mimi, Saif? Nilijifunza kwa fundi wa redio wa Mwembe Tayari, mpaka tukatofautiana juu ya redio iliyoshika moto. Skuli niliiacha kidato cha pili, kabla haijaniacha yenyewe.

Maandishi sikuyasoma. Kiingereza kirefu mno. Nikatangaza kuwa kunguru wamelisukuma dishi, nikapanda darini na bisibisi. Nikalizungusha huku. Nikalizungusha kule. Nikalipiga kofi. Nashuka, namkuta Kenga, mpima samaki wa Liwatoni, kaleta changu wa Nyanya na kuwasomea wanawake kila kitu. Ati dishi halina ugonjwa. Ati wenye idhaa wanadai ada zaidi, kampuni ya setilaiti imekataa, idhaa imekatwa. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze kulegea.

Nani alimwomba asome? Nabiha wa nyumba ya pili alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Nyanya yangu Mwanabaraka peke yake hakucheka. Aliuliza, wakigombana wale wakubwa, anayekaa gizani ni nani.

Kwa sababu ya kofi langu sasa hata maandishi yametoweka. Chenga tupu. Heri. Hayasomeki tena.

Jumanne, 13 Oktoba

Akili yangu nyingine! Nimewaambia wanawake nina rafiki Ganjoni mwenye dishi la kampuni nyingine, kwake mchezo unaonekana. Nitakwenda kila siku, nitazame, nije niwasimulie.

Rafiki huyo hayupo. Nilikwenda kukaa Mbaraki nikila miwa na kutunga. Alasiri nikasimama mbele ya runinga iliyozimwa, nikawapa: binti analia mlangoni, mvua inanyesha, mama ameteremka ngazi mpaka katikati, amesita! Nilimwiga mama kwa leso ya Nyanya. Walipiga vigelegele. Nikapewa mahamri na mbaazi, tena sahani yangu peke yangu. Nabiha hakucheka. Alinikazia macho, mdomo wazi.

Nyanya aliuliza je, amefungua? Nikamwambia bado.

Alhamisi, 15 Oktoba

Mama bado yuko katikati ya ngazi. Jana nilimletea pacha aliyepotea utotoni. Leo nyoka. Kesho namwona daktari bandia. Leo nimekula viazi vya karai na kaimati, suruali inanibana.

Lakini limetokea jambo. Kenga ameleta salamu za shangazi Sheikha, bintiye Nyanya. Shangazi aliolewa na mtu aliyemtaka mwenyewe, wakahamia Ganjoni. Tangu hapo yeye na Nyanya hawakanyagiani mlango. Nyanya husema mtoto ndiye huja kuomba radhi. Shangazi husema alikuja, akakuta komeo. Kutoka kwetu hadi kwake hata chai kwenye kikombe haipoi, na miaka imepita. Sasa shangazi amejifungua mtoto wa kiume, Jumapili ni arubaini yake. Atanyolewa, atatolewa nje. Ameomba Nyanya awepo ndipo mtoto atolewe.

Nyanya aliendelea kuchambua mchele. Halafu akasema tumtazame yule mama wa Kihindi. Ikiwa yeye na dhahabu zake zote ataweza kushuka ngazi, basi naye atashuka zake.

Wanawake wote wakanigeukia mimi. Mimi! Arubaini nzima iko mdomoni mwangu. Sijapata kuwa mtu mkubwa hivi.

Usiku nimewaza. Nikifungua mlango, hadithi imekwisha. Na kaimati zimekwisha. Mamake Nabiha ameahidi biriani ya Jumapili usiku kwa ajili ya kisa cha mwisho. Mama wa Kihindi atafungua Jumapili usiku, baada ya biriani. Arubaini? Watoto huzaliwa kila siku.

Jumamosi, 17 Oktoba

Kenga kanibana kichochoroni. Akaniuliza yule rafiki yangu wa Ganjoni hukaa nyumba ipi, maana shangazi hukaa dirishani kutwa na hajaniona hata kivuli. Kisha akanipasulia: wakubwa wamepatana tangu Jumatano! Idhaa imerudi! Shangazi hutazama mchezo uleule, na Alhamisi mama wa Kihindi alifungua mlango. Sasa shangazi hatoki dirishani. Kenga alimpelekea jibu la Nyanya, naye anajua mamake hutazama. Anadhani ameona, na bado haji.

Nikamwambia Kenga kwetu ni chenga. Akaniuliza ni nani aliyelizungusha dishi. Nikasema kunguru.

Ati nimwambie Nyanya leo hii. Nikamwambia mambo ya sanaa hayaharakishwi. Alinitazama kama anavyotazama samaki wa juzi.

Jumapili, 18 Oktoba

Kenga alipanda dari letu bila kunibishia hodi! Alasiri, wanawake wamekaa, mimi nimejifunga leso tayari, mara chenga zikakatika. Picha safi. Mama wa Kihindi na binti yake wako jikoni wanakula sahani moja, wanacheka. Hakuna pacha. Hakuna nyoka.

Nyanya aliuliza amefungua lini. Nikasema huenda hiki ni kisa cha zamani. Kenga akasema kutoka ngazini: Alhamisi, mama.

Nilingoja kofi. Kofi ningelielewa. Nyanya alichukua buibui lake, akavaa ndara zake moja moja, akamwomba Kenga amsindikize. Mimi hakuniita. Nilifuata nyuma kama paka.

Tulifika wageni wamekwisha kuondoka, sinia zimeoshwa. Lakini mtoto alikuwa hajatolewa nje. Shangazi alikataa kutwa nzima, wakweze wamekasirika, yeye yuko dirishani tu. Alituona. Akateremka mbio, Nyanya naye anapanda. Wakakutana katikati ya ngazi. Sijui nani aliomba radhi, walisema pamoja. Nyanya akambeba mtoto mpaka barazani, akamwonyesha mbingu. Akasema wakubwa wale waligombana siku mbili watu wakanung'unika. Yeye amekaa gizani miaka, na kitasa alikishika mwenyewe.

Nilikuwa na vumbi jichoni. Ganjoni kuna vumbi sana.

Biriani sikuipata.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimetafakari kwa kina. Ukitazama sana, ni mimi niliyewapatanisha. Bila ngazi yangu wangekutana wapi? Nilimweleza Nabiha hivyo. Akanifungia mlango. Hataki kukubali.

Nyanya amehamia Ganjoni kwa juma zima kumwogesha mtoto. Nyumba kimya. Hakuna hata kaimati.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Leo idhaa ya mpira imekatwa. Ugomvi wa ada uleule, wakubwa wengine. Wazee wa baraza la kahawa wamefadhaika, wanataka kujua timu yao imekuwaje. Nikawaambia nina rafiki Ganjoni. Nimeletewa kahawa na halua papo hapo.

Waliponiuliza mechi imekwishaje, nikatazama halua iliyobaki kwenye sahani. Nikawaambia bado. Wameingia muda wa ziada.