Ombi la Kumfelisha Binti Yangu, Kidogo Tu

Saluni ya Kinyozi, mlango wa kijani,
mkabala na duka la vioo.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Tiba ya Kraniosakro,

YAH: OMBI LA KUMFELISHA BINTI YANGU, KIDOGO TU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu, ila usikishike. Siku hizi vichwa vinavyoshikwa vimezidi.

Mimi ni kinyozi mwenye miaka ishirini na sita kazini. Binti yangu wa pekee ni mwanafunzi wako, na Ijumaa anafanya mtihani wa mwisho. Nyumbani ametueleza kwamba hiyo kraniosakro ni kazi ya kushika fuvu la mtu huku juu, na mfupa wa mwisho wa mgongo kule chini, kwa mguso mwepesi kabisa, kisha kutulia na kusikiliza. Nilimuuliza anasikiliza nini. Akasema mdundo. Nikamwambia redio tunayo.

Kwa heshima na taadhima, malalamiko yangu ni haya:

1. Jina la kazi ni refu, hata kwa Kiswahili: Tiba ya Fuvu na Mfupa wa Mwisho wa Mgongo. Fundi wa mabango alianza kumwandikia ubao wa kuweka mlangoni, herufi kubwa nyekundu, na ubao ukamwishia baada ya maneno TIBA YA FUVU. Tangu siku hiyo watu wakikaribia saluni yangu wanavuka barabara.

2. Kazi yenyewe ni kutofanya kitu. Mimi nikikamata kichwa, baada ya dakika kumi na mbili kila mtu anaona tofauti, na ushahidi uko sakafuni unasubiri ufagio. Binti yangu anashika kichwa dakika hamsini, na kikiondoka kiko vile vile, nywele zote zipo. Mheshimiwa, hata mwizi hawezi kukaa na mali ya mtu muda wote huo asichukue chochote. Mwenyewe anakiri kwamba yeye si daktari na hatibu ugonjwa. Anampumzisha mtu tu. Kama kupumzisha ni kazi, kupumzika nako ni kazi, na mlinzi wa mtaa wetu apewe shahada.

3. Mizani ya jikoni. Mlimfundisha kwamba mguso usizidi uzito wa kijiko kimoja cha sukari, naye akaichukua mizani ya mama yake akaiweka chumbani, anaibonyeza kwa vidole asubuhi na jioni. Hii ni wiki ya tatu unga unapimwa kwa macho. Mke wangu ana macho ya ukarimu, na suruali zangu ni shahidi.

4. Wateja wangu wanalala. Anafanyia mazoezi vichwa vyao wakiwa kwenye benchi, na zamu ikifika naletewa gunia. Kuna fundi cherehani jirani tunayemwita Honi, ambaye kwa miaka tisa hajamwachia mtu amalize sentensi. Alishikwa Jumanne. Alipoamka alitazama dari, akasema, "Jamani, kumbe nilikuwa nimechoka." Kisha akaniuliza habari za nyumbani, na akasubiri jibu! Sasa ubishi umekwisha. Saluni isiyo na ubishi ina tofauti gani na maktaba?

5. Mama mkwe. Mimi na yeye tuna ugomvi wetu wa tangu harusi, tumeulea vizuri na kila mmoja anajua zamu yake. Binti yangu amemshika bibi yake kichwa mara tatu. Jumapili bibi huyo aliniita "mwanangu", akanisogezea kiti. Chakula hakikupita. Mtu wa umri wangu atampata wapi adui mwingine aliyemzoea?

6. Hapa naacha mzaha. Saluni ina viti viwili. Cha pili nilikinunua mwaka aliozaliwa yeye, na hadi leo kimevaa nailoni yake ya dukani. Wateja wakitaka kukikalia nawaambia kina mwenyewe. Mwenyewe ameniambia, kwa adabu zote, "Baba, mimi mkasi siupendi. Napenda kuona mtu anavyotulia." Nimeumia, Mheshimiwa. Sina neno la kulipamba hilo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, mmfelishe. Si sana, alama mbili tatu zinatosha, na mfanye kwa upole, kwa sababu ni mtoto mwenye machozi ya karibu. Pili, itungwe sheria kwamba kila kilicho juu ya shingo ni cha vinyozi, na wataalamu wengine wagawane kilichobaki kwa amani. Madaktari wa meno nitazungumza nao mwenyewe.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini, na yeyote ambaye kichwa chake kimeshikwa wakati barua hii inasomwa. Msimwamshe.

Wako mtiifu,
Kinyozi, baba wa mtahiniwa.

N.B. Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha niliposikia kwamba Honi, aliyekuwa alale mezani siku ya mtihani, ameshikwa na mafua. Kila mtahiniwa lazima aje na mtu wake. Binti yangu hakuniomba. Alikuwa anafagia nywele za wateja wangu, na ufagio huo ndio ulionishinda. Nikamwambia anionyeshe hiyo kazi, ili malalamiko yangu yawe na ushahidi. Tukakivua nailoni kile kiti cha pili, tukakilaza.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Vichwa nilivyoshika havina idadi, lakini changu hushikwa na mwenzangu wa mtaa wa pili, dakika saba, naye ana haraka. Mheshimiwa, nilisikia vidole, kisha sikuvisikia tena, kisha nikasikia mtu anakoroma nikataka kumkemea. Nilikuwa mimi. Machozi yalikuwa yamefika masikioni.

Sitaandika upya, karatasi hii ni nzuri. Ila namba moja hadi sita uzisome kinyumenyume, na lile ombi la kwanza ulifute kabisa. Ijumaa kichwa cha mtihani ni changu. Mwalimu atakayemnyima binti yangu hata alama moja ajue kwamba nafahamiana na vinyozi wote wa mji huu, na hatapata wa kumnyoa.

Swali moja tu: nije nimenyoa, au nije na nywele?