Malalamiko Dhidi ya Fundi Aliyelinusa Buti Langu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi wa Mji Wetu,
Bonde la Morava.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia nikiwa nimefunga tai, ujue jambo hili si la mzaha. Namlalamikia fundi umeme wa magari Momčilo, yule mwenye gereji nyuma ya soko, na naomba anyang'anywe cheti, bisibisi na, ikiwezekana, masharubu. Jumamosi ijayo, kabla mfungo wa Krismasi haujaanza, binti yangu Senka anaolewa. Ameapa hapandi gari jingine kwenda kanisani ila hili letu jekundu la mwaka 1983, ambalo marehemu babu yake alimleta nalo nyumbani kutoka hospitali alipozaliwa. Na wewe unajua: msafara wa arusi usiopiga honi mji mzima, huo ni mazishi. Honi yetu inalia inapojisikia.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Ugonjwa wa gari ni wa kuja na kuondoka. Nikikata kona ya kushoto, taa za nyuma zinazimika, honi inakauka, na wipa zinafuta mvua ambayo haipo. Nikifika kwa Momčilo, kila kitu kinawaka! Amepima betri, amepima fyuzi zote, ametikisa nyaya chini ya usukani robo saa nzima, kisha akaniambia mbele ya watu, "Bwana Vukašin, gari lako linaona haya mbele za wageni." Watu wakaangua kicheko. Je, daktari humcheka mgonjwa?

2. Kabla hajashika chombo chochote alikunywa kahawa mbili na rakija, pombe kali ya plamu, yangu, niliyokwenda nayo. Simnyimi, mgeni hukirimiwa. Lakini mgeni nilikuwa mimi.

3. Alifungua buti la gari akanusa. Narudia: akanusa. Akauliza, "Pipa hili la nini tena, jamani?" Nikamweleza kwa upole kwamba ni kabichi ya mke wangu Desanka, imelowekwa kwenye maji ya chumvi tangu mwezi uliopita, na imo butini kwa sababu stoo ya chini ya jengo letu imejaa maji, na butini kuna baridi nzuri. Akasema, "Litoe nione chini." Nilitoe! Mtu mzima, kazaliwa Serbia, kakuzwa kwa kabichi, hajui kwamba pipa likishaanza kuchacha halisogezwi mpaka siku ya Mtakatifu Nikola, mwezi wa Desemba? Ukilitikisa, majani yanalegea, na Krismasi nyama ya sarma tutaifungia kwenye nini, magazeti? Nikalibamiza buti, nikaondoka kwa kasi, nikapita mashimo yote ya njia ya kwa mama mkwe ili hasira zinishuke.

4. Kabla sijatoka getini alinikimbilia, akanichomekea kikaratasi mfukoni mwa koti kupitia dirisha la gari. Sijakisoma wala sikisomi. Aliyeshindwa kulisoma gari atanifundisha nini kwa maandishi?

5. Jana tulijaribu njia ya kanisani. Kona ya kushoto, kila kitu kikafa. Senka alikuwa nyuma, amepakata boksi la viatu vya arusi. Hakulalamika. Alisema tu, "Baba, usijali, tutatembea, si mbali," akageukia dirishani. Mwenyekiti, niliumia. Ningemsikia akilia ningepata nafuu.

Kwa hiyo naomba Momčilo afungiwe ndani ya gari hilo siku saba, ale humo, alale humo, mpaka ugonjwa umtokee. Akikataa, chama chako kizibe kona zote za kushoto kati ya nyumba yangu na kanisa. Na hilo likishindikana, basi kanisa lihamishiwe upande wa kulia. Naona nimekuwa muungwana vya kutosha.

Wasalimie wajumbe wote, mama watoto, na yule karani wenu mwenye mafua yasiyokwisha.

Wako mwenye hasira lakini pia adabu,
Vukašin Petronijević,
mwalimu mstaafu wa jiografia.

Tanbihi: Desanka, katika kutafuta leso, amekipata kile kikaratasi. Kimeandikwa: "Mwalimu, sakafuni mwa buti, kushoto, chini ya pipa, kuna nati inayobana waya wa umeme kwenye bodi ya gari. Chumvi imeila. Ukikata kushoto pipa linaegemea kulia, nati inaachia. Toa pipa uje, ni kazi ya dakika kumi. Iwe zawadi yangu kwa Senka." Desanka na jirani wamelitoa pipa bila kuniuliza mimi wala Mtakatifu Nikola. Nati ilikuwa unga. Momčilo amekuja mwenyewe na msasa na nati mpya, na kabichi ameionja, anasema haijapata kuwa tamu hivi. Honi inalia, Senka anaipiga tangu asubuhi, majirani wameanza kutukana. Nilitaka kuichana barua hii, Desanka amekataa. Anasema cheti cha fundi kiachwe, ninyang'anywe mimi funguo. Ameshazichukua. Jumamosi anaendesha Momčilo. Mimi nitakaa nyuma, karibu na binti yangu, na kona za kushoto ziacheni zilivyo.