Ekari Saba za Pareto na Mgongo Mmoja

Jumatatu, 7 Julai 1958

Mimi Kosgei, fundi seremala wa Nakuru, niliyejifunza randa bila mwalimu na bila asante ya mtu, ninawashwa. Naandika mara moja tu, sitarudia. Katikati ya vidole. Kwenye vifundo vya mikono. Kiunoni pale mshipi unapokaa. Mchana ni kidogo. Usiku, nikishapata joto la blanketi, ni vita.

Si upele. Upele ni wa watu wachafu. Mimi huoga Jumatano na Jumamosi, na Jumapili nikiwa na safari.

Namshuku Wamalwa. Wamalwa ni fundi cherehani, tunakaa naye chumba kimoja, kitanda kimoja (nilikitengeneza mimi), blanketi mbili zilizoshonwa pamoja kwa ajili ya baridi hii ya Julai (alizishona yeye, na mshono umepinda). Jana usiku nilimsikia akijikuna. Nikamwuliza ni nini. Akasema kunguni. Akauliza mimi je. Nikasema kunguni pia. Tukageuziana migongo, kila mtu na kunguni wake.

Ubaya ni huu. Jumapili nakwenda Njoro kwa Mzee Kemboi, nyapara katika shamba la ngano na maziwa la mzungu mmoja huko. Nataka kumwoa binti yake, Chemutai, anayekamua ng'ombe wa shamba hilo. Nilimtengenezea sanduku la nguo, la mwerezi, akalipenda. Nami akanipenda. Au alipenda sanduku tu, lakini sanduku lina misumari yangu. Tena mimi na Wamalwa tumekubaliana: atakayeoa kwanza anabaki na chumba, mwenzake atafute pa kwenda. Kwa hiyo mkono huu lazima usalimie wakwe, na usalimie ukiwa msafi.

Jumatano, 9 Julai

Mpango! Mbao ikiingiwa na mdudu, seremala halii. Anapaka vanishi, mdudu anakosa hewa, anakufa humo humo. Nikajiuliza, mkono una tofauti gani na mguu wa kiti? Nimepaka mara mbili, kuanzia kucha mpaka kiwiko, vanishi ileile niliyopaka kaunta ya duka la Shabir. Kazi safi. Naona uso wangu kwenye mkono.

Baadaye. Nilisahau kutenganisha vidole wakati wa kukauka. Kila mkono sasa una vidole viwili: gumba, na hivyo vingine vyote. Naandika nimeshika kalamu kama mwiko wa ugali. Wamalwa aliuliza mbona nang'aa. Nikamwambia ndio mtindo wa mafundi wa Nairobi. Akasema ama kweli Nairobi wameendelea.

Ijumaa, 11 Julai

Tapentaini. Sitaeleza. Majirani wa nyumba nne walitoka nje kuona nani anachinjwa.

Vanishi imetoka. Ngozi nayo, kidogo. Mdudu yupo.

Jumapili, 13 Julai

Njoro, kwa baiskeli. Nilivaa kabuti langu la jeshi nililonunua Gilgil kwa askari aliyekuwa akirudi kwao. Sufu tupu, la mtu wa futi sita. Linaficha kila kitu isipokuwa mikono. Kwa mikono nilikuwa na mpango: kuinama kwa heshima, nisimpe mtu mkono. Mzee Kemboi hakuwa na habari ya mpango huo. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza huku na huku kama mtu anayenunua ndama, akauliza hivi vipele ni nini.

Hapo ndipo akili ya mtu aliyejitengeneza mwenyewe inapoonekana. Nikasema: pareto.

Nikaeleza vizuri. Kwamba huko kwetu rizavu, ardhi waliyotuachia wazungu, Elgeyo juu kwenye ukungu, siku hizi Mwafrika naye anapanda pareto. Kwamba ua lake linaua wadudu, na mchumaji wake linamla ngozi. Yote hayo ni kweli kabisa. Mjomba wangu alilichuma akavimba kope mpaka akamsalimia mbuzi akidhani ni shemeji yake. Nilichoongeza ni kidogo tu, kwamba pareto ni yangu. Ekari moja.

Mzee aliishika upya, sasa kwa heshima. Kisha akamwita mama aje aone mikono ya pareto. Mama akaishika. Watoto wakaishika. Mama akasema, lakini mwanangu, mbona vipele ni vingi hivi kwa ekari moja? Swali la haki. Nikapiga hesabu pale pale: ekari tatu.

Chemutai peke yake hakushika. Aliniletea mursik, maziwa yetu ya mgando, akaniuliza polepole kama vidole vinaniwasha zaidi usiku. Nikajibu usiku na mchana, pareto haina saa. Akaniangalia. Akaangalia sanduku lake pale pembeni. Akaenda kukamua.

Wakati wa kuondoka mzee alikuwa anatetemeka kwa baridi. Nikavua kabuti, likiwa bado na joto langu, nikamvika. Zawadi! Mtu wa ekari tatu hashindwi na kabuti. Nilipopanda baiskeli watoto watatu walikuwa wameshaingia humo ndani pamoja naye.

Nimerudi Nakuru na shati tu. Faida yake: ukiganda, huwashwi.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda zahanati ya mjini, kwa siri, kupitia mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma unatokea kwenye foleni ileile.

Muuguzi ni Sista Rahab, mama mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule. Nikamwambia ni pareto. Akauliza kama niliichuma kwa kiuno. Maana pareto, akasema, hushika palipo wazi: usoni, shingoni, juu ya mikono. Hii yako imejificha katikati ya vidole na chini ya mshipi, na inangoja usiku. Kisha akalitaja lile neno. Kwa sauti. Foleni nzima ikarudi nyuma.

Ati upele si uchafu. Ati ni mdudu mdogo anayechimba ngozini, na humwingia askofu kama anavyomwingia mchunga mbuzi. Akanipa chupa ya dawa nyeupe kama maziwa, pamoja na masharti. Oga, jikaushe, paka kuanzia shingoni mpaka nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, na kule kwingine nako usione haya. Usioge mpaka kesho. Kata kucha. Chemsha nguo na blanketi. Mgongo, mwombe mtu akupake. Na mnaolala chini ya blanketi moja, na nyumba yoyote mliyoshikana mikono na kupeana nguo, wote wapake siku moja. Ukipaka peke yako, akasema, umefunga mlango na mwizi yuko chini ya kitanda.

Masharti mengi sana. Nimechagua yanayonifaa.

Shida ni mgongo. Nikimwomba Wamalwa, Wamalwa atajua. Nimefunga brashi ya vanishi kwenye mpini wa jembe. Inafika kote isipokuwa katikati.

Alhamisi, 31 Julai

Mwasho ulipungua kwa wiki moja. Sasa umerudi, na umeleta jamaa zake. Ni wazi Sista Rahab anatia maji kwenye dawa. Mtu maskini hana pa kulalamika nchi hii.

Wamalwa naye anajikuna mpaka kitanda kinatembea. Kunguni, anasema. Kunguni, nasema. Ni kunguni wa ajabu hawa, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.

Jumapili, 10 Agosti

Ushindi! Kwa Mzee Kemboi wanawashwa nyumba nzima!

Nilimkuta mzee amekaa nje, anajikuna mbele za watu, polepole, kama tajiri. Amewaambia nyapara wenzake kwamba ni pareto ya mkwe wake. Kwamba mali ikiwa nyingi huambukiza hata kupitia kabuti. Nyapara wawili wameomba kulivaa kidogo, wakaruhusiwa.

Kisha akanigeukia. Akasema, mimi sijaiona hiyo pareto hata kwa macho na vipele ndivyo hivi. Sasa shamba lenyewe lina ukubwa gani? Wenzake walikuwa wanasikiliza. Mtu hamwaibishi mkwe wake mbele za watu. Ekari saba, nikasema. Mzee akapiga paja. Mahari tuzungumze Alhamisi, wazee watakuwapo.

Habari mbaya ni moja. Chemutai ameondolewa kwenye ng'ombe. Mzungu aliiona mikono yake, akasema hataitaka karibu na maziwa yake mpaka sista anayezungukia mashamba aipitishe. Alinisalimia kwa mbali. Akaniuliza kama nina neno lolote la kumwambia kabla ya Alhamisi, la kweli, sisi wawili tu.

Nikamnong'oneza: saba.

Jumanne, 12 Agosti

Wamalwa amefanya jambo la aibu. Amekwenda zahanati mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, amerudi na chupa mkononi. Akasimama katikati ya chumba akasema, Kosgei ndugu yangu, nisamehe, nina upele, na nadhani nimekuambukiza. Vua shati nikupake mgongo, halafu na wewe unipake wangu, hizi blanketi tuzichemshe.

Nilimsamehe. Nilimwambia mimi sina kitu, ila kwa usalama tugawane. Nimefumua ule mshono wake uliopinda, nimechukua blanketi langu. Lake analichemsha huko nje, na jirani anampaka mgongo, wanacheka. Mtu asiye na siri hana mali.

Alhamisi, 14 Agosti

Wazee wanane. Mzee Kemboi katikati, ndani ya kabuti. Tulikuwa tumefika kwenye ndama wa nne likaingia gari la zahanati. Nani akashuka? Sista Rahab!

Nikakumbuka kwamba sijalikagua tangi la maji. Nikaenda kulikagua, upande wa nyuma.

Nikiwa huko nilisikia yote. Sista alitazama vidole vya mzee, akalitaja lile neno. Mzee akacheka. Akamwambia, hapana, binti yangu, hii ni pareto, imetoka kwa mkwe, ekari saba. Sista akaomba amwone mwenye pareto inayoota ndani ya kabuti. Nilipochungulia, vidole vyote vya shamba lile, vyenye vipele na visivyo na vipele, vilikuwa vinaelekezwa kwenye tangi.

Kumbe ni wewe wa mlango wa nyuma, akasema. Mwenzako wa blanketi alikuja juzi kwa miguu yake. Wewe ulimpaka nani?

Likawekwa motoni pipa la maji. Blanketi zote ndani. Kabuti ndani. Wanaume nyumba hii, wanawake nyumba ile, wote wakapakwa shingo mpaka nyayo, pamoja na kila mzee aliyewahi kulivaa kabuti. Kikao kikaendelea hivyo hivyo, wazee weupe juani kama kuku walionyonyolewa. Nami nikapakwa, na mgongo wangu akaupaka sista mwenyewe, kwa nguvu ya mtu mwenye neno moyoni.

Nilitegemea matusi ya upele. Hayakuja. Mzee Kemboi alisema upele una dawa, chupa yake ni hii anaiona. Lakini kuna shamba lililoanza ekari moja, likawa tatu, likafika saba, bila mvua na bila jembe. Hilo nalo lina chupa? Sista akasema zahanati haina. Wazee wakacheka mpaka dawa ikapasuka matumboni. Ndama wanne wakarudi walikotoka.

Chemutai alinifuata kwenye baiskeli. Hakucheka. Alisema alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu shangazi yake aliwahi kuwashwa hivyo hivyo. Kwamba alikuwa amekubali seremala. Seremala tu, na upele wake. Kwamba mgongo angenipaka yeye. Ulihitaji mtu mmoja, akasema, ukatafuta ekari saba.

Nikamwuliza, basi sanduku?

Amebaki nalo. Mimi nimerudishiwa kabuti. Limetoka kwenye pipa limejikunja. Lilikuwa la mtu wa futi sita, sasa linamtosha mbwa, akiwa mwembamba.

Jumapili, 24 Agosti

Chemutai amerudi kwenye ng'ombe. Mzee Kemboi hawashwi tena, na nasikia anasikitika kidogo. Wamalwa amepona kabisa. Anaoa Desemba. Anaimba huku akishona mapazia ya chumba changu.

Mimi bado nawashwa. Sista Rahab alisema mdudu ameshakufa, mwasho hubaki wiki mbili tatu, nitulie, nisipake tena, dawa ikizidi huunguza ngozi. Mtu wa kuandikiwa mshahara hawezi kujua hesabu. Ikiwa chupa moja inaponya mara moja, chupa sita zinaponya mara sita. Nimepaka kila jioni tangu siku ile. Mikono imekuwa myekundu, inabambuka kama rangi ya mlango wa kale.

Lakini nyekundu hii! Nimeiangalia sana leo juani. Si rangi ya pareto hata kidogo. Ni rangi ya tunda la kahawa lililoiva mtini. Na huko Solai kuna mzee mmoja, mtu mwema, haoni vizuri, ana binti wawili. Nakwenda Jumapili ijayo. Nitaanza na ekari mbili tu. Mtu asiwe na tamaa.

Nimevaa kabuti kujaribu. Linaishia juu ya kitovu na viwiko viko nje, lakini hiyo ndiyo faida: mikono itaonekana vizuri.

Katikati ya mgongo bado panawasha. Kesho nitaongeza urefu wa mpini.