Kufungwa kwa Mradi wa Vitambi Pale Ngungu

Kosa ambalo watu wengi hulifanya, Mheshimiwa Mwakilishi wa Msimamizi wa teritwari yetu ya Masisi, ambaye leo amewakilishwa na kiti chake hiki kitupu, Waheshimiwa wakubwa wa vijiji, Wachungaji na Mapadri kwa kufuata umri wa makanisa yenu ili nisimkosee mtu, Mabibi na Mabwana katika vyeo, nyadhifa na uzito wenu mbalimbali, kosa hilo, nasema, ni kudhani kwamba maharagi yanavimbisha tumbo, na kwa hiyo mtu mnene anayetaka kupungua ayaache, ale fufu, ule ugali mweupe, peke yake kama mtu wa heshima. (Makofi. Kiti kinanyamaza.)

Mimi, Édouard Mbonigaba, mwalimu mstaafu, Mratibu wa Taifa, wa Mkoa na wa uwanja huu mbele ya kanisa, wa PRONYUPROVI, yaani Programu ya Nyuzinyuzi, Protini na Vitambi kwa Masisi na Walikale, nililifanya kosa hilo miaka kumi na miwili, kwa kuwa kila nyumba ninayoingia mnaficha sufuria ya maharagi na kuniletea fufu nyeupe kama pamba, na matokeo yake yako mbele yenu, yamezuiwa na kifungo kimoja cha koti ambacho naomba mstari wa kwanza waendelee kukitazama kwa tahadhari. (Mstari wa kwanza unasogeza viti nyuma.)

Sasa nieleze taratibu, maana sikufundisha miaka thelathini na miwili ili leo niharakishwe. Tumbo kujaa hewa ni jambo la saa chache. Kunenepa ni jambo la miaka. Fufu ya unga mweupe inapita upesi, na kabla ya saa sita unaulizia chai ya sukari na mandazi. Lakini haragi lina nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzisaga: zinakunywa maji, zinavimba, zinakichelewesha chakula kama chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyoanguka na mzigo wake katikati ya barabara yetu, magari yote nyuma yake yanasubiri. Ndani ya haragi hilohilo kuna protini, ambayo inaupelekea ubongo habari kwamba tumekula, inatosha. Tena mwili unapopungua, protini inailinda misuli, ili kinachoondoka kiwe mafuta, si nguvu ya kulima. Wala si dawa ya miujiza: ukiongeza sahani mbili za maharagi juu ya fufu ileile ya jana, utanenepa, ila utanenepa na elimu. (Kicheko. Sauti ya mama kutoka nyuma inamwita Mratibu: "Papa Coordo, balansi ya kupima kilo iko wapi?")

Nakuja huko, Mama Euphrasie. Kwa wasiomjua, huyu ni mjane wa kijiji cha Muheto, ambaye mwanzo wa mwaka magoti yake yalikataa mlima ulio na shamba la marehemu mume wake, na shemeji yake, Papa Sebarenzi, yule mwenye kofia, akatangaza mbele ya wazee kwamba shamba lisilolimwa misimu miwili linarudi kwa ukoo, na kwamba yeye yuko tayari kuteseka kwa kulipokea. (Papa Sebarenzi anavua kofia, anaivaa tena.) Msimu wa kwanza ulikuwa tayari unampita. Ndipo programu, kwa mtazamo shirikishi na endelevu, ikamwahidi balansi ya kumpima, muuguzi wa kumfuata, na jiko la mfano lenye sufuria ya lita mia.

Takwimu ni hizi: kwa upande wa Masisi, asilimia mia moja ya walengwa wamepungua, kila mmoja kilo kumi na saba kwa miezi kumi. Idadi ya walengwa ni mmoja. Kwa upande wa Walikale hakuna aliyenenepa, kwa kuwa barabara haikuturuhusu kumuuliza mtu yeyote.

(Mama Euphrasie anasimama bila kushika kiti. "Sema vile ilikuwa, Papa Coordo. Nilingoja balansi yenu mpaka nikachoka. Njo nikaenda ku soko, nikaikala mu gunia ya biraye, Trésor, ule mwenye kuuzisha, akanitundika ku balansi yake. Kilo mia na munane. Mutu moja akauliza bei." Uwanja unacheka hadi watoto wanaamka.)

Rekodi ioneshe kwamba mlengwa alipimwa kwa balansi ya viazi, kwa ubunifu wa jamii.

("Kisha nikasoma ile karatasi mulibandika ku mulango ya kanisa. Maharagi nusu ya sahani, mboga ya lengalenga, fufu kidogo, maji mingi, chai bila sukari. Juma ya kwanza tumbo ilipiga kelele, ya pili ikanyamaza. Mwezi wa tisa nilipanda mulima na jembe yangu." Anamgeukia mwenye kofia. "Shemeji, maharagi imeshaota. Kuya uhesabu mistari, lakini ukuye na magoti yako." Papa Sebarenzi anasema kwamba yeye aliuliza tu.)

Mwaona basi mafanikio ya uongozi wangu! Tuseme pamoja: Nyuzinyuzi! (Mbele!) Protini! (Mbele!) Vitambi! (Mbele! Wanashtuka. Nyuma!)

Mwisho, namshukuru mfadhili wetu, ambaye hajajibu barua hata moja. Makao makuu, ambayo ni meza yangu ya kulia. Muuguzi, ambaye hakuajiriwa. Sufuria ya lita mia, ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Na ile karatasi ya mlangoni, ambayo ilikuwa ukurasa wa pili wa maombi yetu ya fedha, nikaubandika pale kwa kukosa mahali pa kuutunza. Zaidi ya wote namshukuru Mama Euphrasie, aliyeutekeleza ndani ya muda uliopangwa mradi ambao haujawahi kuwako. (Mama Euphrasie: "Na weye, Papa Coordo, leo utakula nini?" Kifungo kinaruka, kinatua kwenye kiti kitupu.)

Nimeelewa, Mama. Nanyi wote, leo, mkifika nyumbani, lowekeni kopo moja la maharagi.