Kifuniko cha Kikapu cha Wali

Jumatatu, 3 Juni

Hili sijamwambia mtu yeyote: mimi ni wa Isani, kule mashambani kaskazini-mashariki mwa Thailand. Roi Et kabisa, kwenye mashamba ya mpunga. Shuleni (tunasoma kwa Kithai na Kiingereza, na kote mimi nanong'ona tu) wanajua sisi ni watu wa Bangkok tangu enzi. Nilisema hivyo siku ya kwanza. Nani angekaa na mshamba?

Leo Plaifa wa darasani katualika siku yake ya kuzaliwa, mimi na Jirat, mwenzetu. Plaifa! Sijawahi kumtazama juu ya viatu. Mkahawa uko Silom, mtaa wa matajiri, ghorofani. Chakula: cha Isani! Kile kile anachopika Bibi akiwa amechuchumaa jikoni, ila huko juu kina mishumaa. Jirat anajigamba eti kwa chakula hicho yeye ni profesa. Kala mara mbili.

Mpango: nitajifanya sijawahi kuuona wali wa kunata.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi. Wali wa kunata kwa kijiko na uma, mimi niliyezoea kuula kwa mkono kutoka kikapuni. Uma ukanasa. Nikavuta, kikapu kizima kikaja. Bibi kaniuliza vidole vina nini. Nikasema ni mambo ya shule. Kanipaka dawa ya kuchua mikono yote miwili, akiuliza shule gani hiyo inayolemaza watoto.

Jumamosi, 8 Juni

Mkahawa wenyewe: kichekesho! Mhudumu katusomea wasifu wa panzi mmoja wa kukaanga, aliyelazwa juu ya ua kama marehemu mheshimiwa. Saladi ya papai bichi imekuja kwenye glasi. Ya kunusa, nadhani. Samaki wa kuvundika, ambaye Bibi humweka nje mpaka majirani wanalalamika, hapa ni tone moja. Jirat kafumba macho, kasema anasikia ladha ya mto. Mto gani, bwege wewe? Kisha profesa akala wali wa kunata kwa vijiti!

Nikamwiga. Nikamuuliza Plaifa kikapu hiki ni cha nini. Kanieleza kwa upole. Mpango unakwenda!

Wakashiba, wakaacha vikapu wazi. Vyote! Kwetu ukiacha kikapu cha wali wazi, ndoa ya wenyeji inavunjika. Na baba na mama yake Plaifa wako pale pale, jioni nzima wanaongea na simu zao tu. Nikaikalia mikono. Nikatazama dari. Mara najikuta nimesimama, nazunguka meza, nafunga. Tap. Tap. Tap.

Mama mmoja aliyekuwa anaondoa sahani kacheka, kaniuliza kwa lugha ya kwetu: "We mwanangu, wa wapi wewe?"

Mdomo, bila ruhusa yangu: "Roi Et, mama!" Kwa sauti ambayo shuleni hawajawahi kuisikia.

Halafu Jirat: "Alaa! Kumbe tunakula na mshamba! Na kikapu alikuwa hakijui, maskini!"

Nimekwisha.

Jumapili, 9 Juni

Plaifa kapiga simu. Nilijua ananifuta. Kumbe yule mama aliwaeleza wazazi wake maana ya vifuniko, nao wakacheka garini hadi nyumbani. Pamoja! Kasema hajawasikia hivyo tangu mwaka jana. Na Jirat, Plaifa kamwambia afunge domo. Anataka kuja kwetu Jumamosi, ale kwa mkono, afundishwe na bibi yangu, eti lazima ninaye.

Bahati nzuri akili yangu ni nyepesi. Nikasema bibi gani? Mambo ya vifuniko nilijifunza kambini huko Roi Et, wiki moja tu. Kasema atakuja hivyo hivyo.

Mpango mpya, huu haukosei: Bibi atakuwa mpishi tuliyemwajiri. Bubu, lafudhi yake isisikike. Nitamweleza taratibu. Nami nimeleta kikapu chumbani, najizoeza kukiacha wazi. Kiko wazi hapa mezani tangu mchana na sitetemeki. Jirat atashangaa!

Kandambili za Bibi koridoni. Ananiita nikale, eti kanichomea kuku. Asiuone ukurasa huu! Ngoja niuchane, niutumbukize kikapuni, na kifuniko

ah, nimeshakifunga.