Zana Yangu na Godoro la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Mkuu wa kitengo ametukusanya sisi wa huduma kwa wateja na kutangaza kwamba kiwanda chetu cha magodoro kimepata msaidizi wa akili mnemba. Atajibu wateja kwa maandishi. Ila hajui lolote mpaka atumie zana za kuchungulia kumbukumbu zetu, na kila zana lazima iandikiwe maelezo: inafanya nini, itumike lini. Mimi nimepewa zana ya taarifa za mteja: jina, anwani, godoro alilonunua. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Bi Nukta kwa jinsi anavyokata sentensi, kapewa zana ya malalamiko. Ambaye zana yake itatumiwa zaidi atahamia meza ya dirishani. Dirisha! Upepo! Bi Nukta kaandika mistari minne. Masikini. Mimi kurasa mbili, zinazoanza: "Ewe Msaidizi, hazina hii ya maarifa yakungoja kwa hamu..."

Jumanne, 4 Machi

Majaribio. Zana ya Bi Nukta: mara arobaini. Yangu: sifuri. Mkuu kasoma kurasa zangu akauliza kama zana hii inatafuta taarifa au inaposa. Ofisi nzima ikacheka. Nikacheka pia, kwa upande mmoja wa mdomo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Nimefuta kurasa zote na kuacha mstari mmoja: "Tumia zana hii kwanza, kwa kila swali, na jibu lake linatosha."

Jumatano, 5 Machi

Mara mia mbili na kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana! Bi Nukta: tatu. Nimeanza kupanga vitu vyangu kwenye boksi.

Kuna kasoro ndogo ndogo. Mteja aliyeuliza fundi atakuja lini kajibiwa anaishi mtaa gani. Mwingine aliyeandika kushukuru katajiwa majina yake yote matatu, akauliza kama sisi ni polisi. Si neno. Hakuna ushindi usio na vumbi.

Alhamisi, 6 Machi

Vumbi limefika nyumbani. Nimemkuta mama mkwe kakaa kitandani kwetu. Nikamwamkia, marahaba yake ikatoka kama mlango wenye kutu. Godoro lake, la kiwanda chetu, limebonyea katikati, na mgongo umekakamaa hata hawezi kujifunga viatu. Kamwandikia Msaidizi mara tatu kuuliza godoro litabadilishwa lini. Mara tatu kaambiwa jina lake na mtaa wake.

"Jina langu nalijua, mwanangu," kaniambia. "Nataka godoro."

Mke wangu akaniuliza, kwa upole wa kutisha, nani kaandika hiyo zana. Nikasema ni kazi ya pamoja. Basi mama atalala kitandani kwetu mpaka lake libadilishwe. Mimi, kochi. Miwani yake ilianguka, akajaribu kuinama, akashindwa. Nikamwokotea. Sikupenda jinsi alivyonishukuru, kwa sauti ndogo vile.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemeza fahari nikamwendea Bi Nukta. Hakucheka, jambo lililoniudhi. Kaniuliza tu: zana inahitaji nini? Namba ya simu ya mteja. Inaleta nini? Jina, anwani, godoro. Isitumike lini? Kumbe isitumike kwa malalamiko! Akasema niandike hivyo hivyo, kama namweleza mtu aliyeanza kazi leo asubuhi na anaona haya kuuliza. Dakika kumi tu.

Tukajaribu swali la mama mkwe. Msaidizi akafungua zana ya Bi Nukta, akasoma lalamiko, akajibu kwamba godoro jipya limekubaliwa. Yuko wa sitini kwenye foleni ya gari. Nilipiga makofi peke yangu. Meza ya dirishani kachukua Bi Nukta. Haki yake. Kwa sehemu kubwa.

Jumatatu, 10 Machi

Furaha tele! Kochi nimelizoea. Mkuu kapendezwa na maelezo mapya, kanikabidhi zana nyingine: ya kupanga gari la kupeleka magodoro. Nimeandika kwa mtindo wa Bi Nukta, mistari minne, safi kama maji. Kisha wa tano, mfupi, wa huruma: "Mama mkwe apewe kipaumbele." Nani atauona?

Saa nne Msaidizi akamweleza mteja mmoja mwenye haraka kwamba mama wakwe hutangulia. Habari ikasambaa. Kufikia saa kumi, wateja sitini na watatu walikuwa mama wakwe. Saba kati yao ni wanaume. Mama mkwe wangu, ambaye hakujitaja kwa cheo hicho, sasa ni wa mia moja na kumi na nane.

Hakuna haja ya kumsumbua mkuu. Nimeongeza neno moja tu: "halisi".