Kri-kri Mpaka Jumapili

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa saba, 2010. Kitshanga.

Balaa! Shemeji Consolée amegonga mlango kabla sijanawa uso, simu mkononi. Mke wangu Régine anarudi. Jumapili! Barabara ya Kalembe imetulia, watu waliokimbilia kule watashuka pamoja baada ya misa, naye yumo. Ameagiza mambo mawili. Nifagie nyumba. Na mashini yake ya kushona niifunike vizuri isiingie vumbi, maana ana oda ya sare za shule na mwezi wa tisa si mbali.

Nimemjibu Consolée kwamba mashini imefunikwa. Mashini haipo.

Naandika hapa kwa sababu ndani ya daftari hili Consolée hafiki. Mwezi uliopita nilibadilishana na Jérôme, fundi wa nguo pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara. Yeye achukue mashini, mimi nichukue baiskeli yake ya mashindano, ile nyekundu yenye matairi membamba kama kidole, aliyoachiwa na mzungu mmoja aliyeondoka hapa bila kuaga. Hesabu yangu ilikuwa safi. Tarehe 30 mwezi wa sita, sikukuu ya miaka hamsini ya uhuru, kulikuwa na mbio za baiskeli, na zawadi ilikuwa ndama. Ningempa Régine ndama, naye angesahau mashini. Nilimaliza wa mwisho. Nyuma yangu hakuna, mbele yangu chukudu, lile toroli la mbao la magurudumu mawili, lililobeba makaa, ambalo halikuwa hata kwenye mashindano.

Régine aliondoka mwezi wa tano, risasi zilipofika kilima cha jirani. Mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Mashini aliniachia mimi. Hilo likinijia nashindwa kukaa. Nimezunguka nyumba mara nne tangu nianze ukurasa huu.

Mchana nimekwenda kwa Jérôme mbio. Yuko tayari kurudisha! Kumbe baiskeli yake anaitamani. Sharti ni moja tu. Amesema: “Kaka Damien, velo nilikupatia ilikuwa inanyamaza. Irudishe inanyamaza, njo utabeba mashini yako.”

Sharti la haki. Tatizo ni kwamba baiskeli inalia. Kri, kri, kri, kila ninapokanyaga. Ilianza siku ile ile niliyoichukua. Mimi na bahati yangu!

Jumanne, tarehe 6 mwezi wa saba.

Nimeamka na dawa kichwani. Ni mnyororo, hakuna kingine. Mnyororo ukikauka unalia, hata mtoto anajua.

Fundi wa baiskeli mjini ni Ntwari, lakini kwake siendi. Siku ya mashindano alisema mbele ya watu wote kwamba ingefaa baiskeli yangu na chukudu zibadilishane dereva. Watu wanacheka mpaka leo. Siendi!

Grisi sina. Nikakumbuka siagi ya ng'ombe. Nimepanda kwa Mama Mukandori, ambaye familia yake ina ng'ombe kule juu, nikaomba kidogo. Akauliza ni ya nini. Hapo ningesema ni ya baiskeli, angenifukuza na fimbo, maana siagi ile ni ya kupaka mtoto mchanga na mgonjwa. Nikasema ni ya mgonjwa. Akaniangalia kwa huruma, akajaza kikombe, akakataa malipo.

Nimepaka mnyororo wote, nimepaka magurudumu, nimepaka na breki kwa bidii ya ziada. Breki sasa hazishiki. Baiskeli bado inalia.

Jumatano, tarehe 7 mwezi wa saba.

Mbwa! Saba, labda wanane. Nimetoka kuijaribu baiskeli saa mbili asubuhi, wakanusa siagi, wakanifuata mpaka kambini kwa wakimbizi. Breki hakuna. Nimesimama ndani ya shamba la kabichi. Mwenye kabichi amesema maneno ambayo sitayaandika.

Narudi nyumbani nikichechemea, namkuta Mama Mukandori mlangoni. Ana maziwa kwenye kibuyu na wanawake wawili nyuma yake. “Mugonjwa iko wapi?” Wamekuja kumwona mgonjwa! Bila shaka wangekuja. Ukiomba siagi ya mgonjwa watu wanakuja kumwona, ndivyo ilivyo hapa, na mimi nimezaliwa hapa. Sijui nilifikiri nini.

Kitanda kilikuwa karibu. Nikalala. Nikasema mgonjwa ni mimi. Wakanisalia, wakanipaka siagi magotini, wakaacha maziwa. Maziwa yalikuwa matamu sana, siwezi kudanganya.

Saa kumi Consolée ameingia na uso mrefu. Amekwisha kumpigia Régine. Amemwambia kwamba mume wake anaumwa, majirani wanakwenda kumtazama na maziwa. Régine amelia kwenye simu. Hatasubiri misa. Atatembea na watu wa soko, atafika Jumamosi.

Jumamosi! Nimepoteza siku nzima kwa kikombe cha siagi. Nimeshika kichwa. Na mbwa bado wamelala mlangoni, wanalamba mnyororo.

Alhamisi, tarehe 8 mwezi wa saba.

Usingizi hakuna. Asubuhi milio miwili mitatu ya risasi upande wa vilima, mbali. Watu wakasimama, wakasikiliza, wakaendelea na shughuli zao. Mimi nilikuwa nasikiliza kanyagio.

Halafu wazo likaja lenyewe. Kelele haiondoki? Basi ifichwe! Karibu na soko kuna kinu cha injini kinachosaga mihogo. Kikinguruma, mtu hasikii hata jina lake. Nimemtumia Jérôme ujumbe aje kuijaribu baiskeli pale pale, kwa kuwa njia ya pale ni tambarare.

Amekuja na kofia yake. Kinu kinanguruma. Nimepanda, nimekwenda, nimerudi. Hakuna kri! Jérôme anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nimekwenda tena, nimeachia mkono mmoja, nimewapungia wanawake waliopanga foleni na vikapu vya mihogo. Amenyoosha mkono tukubaliane. Mkono wangu nao ulikuwa njiani.

Kinu kikazimika. Mazutu, dizeli ya injini, imekwisha!

Kimya cha ajabu, na mimi bado juu ya baiskeli, miguu inakwenda. Kri. Kri. Kri. Foleni nzima imegeuka. Mama mmoja ameuliza kama nimebeba kuku.

Nimejitetea. Nimemweleza Jérôme kwamba kelele hiyo ina faida. Wiki iliyopita kwenye bariyeri ya njia ya Mweso askari walinisikia tangu mtoni, wakacheka, wakainua kamba bila kuniuliza kitambulisho, eti mpelelezi hawezi kuja na makelele namna ile. Kwa hiyo si kelele, ni karatasi ya kupitia! Jérôme amesema yeye karatasi anayo.

Kisha ameongeza jambo lililonichoma. Amesema yeye si mtu wa maneno mengi. Mashini ilipofika kwake ilikosa kile kibati kidogo cha chuma kinachoshika bobini chini ya sindano, na hakulalamika. Alidhani kimepotea katika kukimbiakimbia. Alitembea kwa miguu mpaka Mweso kutafuta kingine. Nikaangalia mawingu.

Haya, daftari, nikuambie wewe. Kibati nilikitoa mimi, siku ile ile, kabla ya kumkabidhi mashini. Si wizi! Ni dhamana. Nilifikiri nikijuta, Jérôme mwenyewe atakuja kuniomba tuvunje mapatano kwa sababu mashini haishoni. Nilikifunga kitambaa, nikakificha mahali ambapo hakuna mtu hai atakayechungulia. Mpango mzuri kabisa, ila haukufanya kazi.

Ijumaa, tarehe 9 mwezi wa saba.

Zimebaki saa chache. Nimekaza kila kitu kinachokazwa, na viwili visivyokazwa. Nimemwaga maji ya moto kwenye ekseli. Nimeisemesha. Inalia.

Basi nimemeza kiburi, nimekwenda kwa Ntwari. Nimesema baiskeli ni ya binamu yangu wa Buleusa. Ntwari ametazama rangi nyekundu ambayo mji mzima unaifahamu, akasema binamu yangu apewe pole kwa yale ya tarehe 30. Nikavumilia.

Nakiri, mtu yule anajua kazi. Hakugusa spana kwanza. Alinipandisha, akanifuata kwa miguu, sikio chini. Akaniamuru nisimame juu ya kanyagio, makalio yasiguse kiti. Inalia. Basi si kiti. Nikanyage mguu wa kulia peke yake. Inalia. Wa kushoto. Inalia. Basi si kanyagio moja. Nisikanyage, niteremke tu. Kimya! Basi si magurudumu. Watu wameanza kukusanyika, na mimi naanza kuona raha, ni kama nipo kwa daktari mkubwa. Hata Jérôme ametoka kwenye meza yake ya kushonea iliyo ng'ambo ya njia, akaja kusimama nasi, futi ya kitambaa shingoni.

Ntwari ameinama penye ekseli ya katikati, pale kanyagio zinapokutana. Ameizungusha kwa mkono, polepole. Amesema: “Hii velo haina ugonjwa. Iko na kitu mu tumbo.”

Akaanza kulegeza bolti ya kiti.

Ndipo nikakumbuka. Bomba la kiti! Niliingiza kitu kile kwa juu, chini ya kiti, nikidhani kimekaa pale pale juu, salama. Sikufikiri kwamba bomba lina mwisho, na kwamba mwisho wake ni ekseli. Nikasema acha, binamu yangu hapendi kiti kiguswe. Nikasema mvua inakuja, tuahirishe. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Ntwari akakichomoa pamoja na mimi, akaipindua baiskeli magurudumu juu.

Kling.

Kimeanguka mbele ya viatu vya Jérôme. Kibati cha bobini, kimeparuzwa upande mmoja mpaka kinang'aa, bado kimevaa kipande cha kitenge cha Régine, yale maua ya njano ambayo kila mama wa rond-point anayajua. Jérôme amekiokota. Amekigeuzageuza. Hakunitukana. Amesema tu kwamba ile safari ya Mweso alikuwa na homa, akarudi kwenye meza yake na kuketi.

Baiskeli sasa inanyamaza kama kaburi. Jérôme hataki tena kuiona, wala kuniona mimi. Aibu imenijaa mpaka kwenye masikio.

Jumamosi, tarehe 10 mwezi wa saba.

Amefika saa saba, kwa njia ya soko. Hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Mpaka afike rond-point alikuwa amekwisha kusimuliwa yote, na watu tofauti watatu. Miguu yake imevimba. Mtoto amekua, hakunitambua, alijificha kwenye kitenge cha mama yake.

Nilikuwa nimeandaa maelezo manne. Hakutaka kusikia hata moja. Alipita mbele yangu mpaka kwenye meza ya Jérôme, akaweka mkono juu ya mashini yake na kuuacha pale muda mrefu. Kisha akatuangalia wote wawili, na sauti yake ilikuwa ya chini. “Ile mashini ilikuwa ya nani? Na ni nani aliniulizaka?”

Jérôme akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinamisha. Jérôme amesema, kweli, Mama Régine, hakumuuliza. Alidhani mume amekwisha kusema naye. Basi, mambo yakaisha hapo hapo. Mashini kwa Régine. Baiskeli kwa Jérôme. Kibati cha zamani kinarudi mahali pake na kile cha Mweso kinarudi kwa Jérôme. Wiki nzima yangu, mbwa, siagi na kinu, yeye amemaliza kwa maswali mawili.

Nimebeba mashini kichwani, nimevuka soko lote. Ntwari amenipigia makofi.

Nyumbani nilitaka anigombeze. Nilitamani hata avunje sahani. Amechemsha maji, ameosha miguu, halafu ameuliza mgonjwa anaendeleaje. Amesema njia nzima kutoka Kalembe alikuwa akihesabu maombi, asinikute nimekufa. Nimesema mgonjwa amepona. Sikuweza kumtazama. Naapa mbele ya daftari hili: mipango imekwisha. Damien mpya!

Jumatano, tarehe 14 mwezi wa saba.

Siku njema. Régine anashona tangu asubuhi, sare tisa zimekatwa. Consolée ameanza kunisalimia. Mama Mukandori nimempelekea kuni, akafurahi nimepata nafuu. Nimetulia. Karibu nimetulia. Nimesimama na kukaa mara kadhaa tu.

Mwakani sikukuu ya uhuru itakuja tena, na mbio zitakuwepo, na ndama. Jérôme haendeshi vizuri, baiskeli ile iko kwake bure. Kwa hiyo Jumamosi, kabla ya kumrudishia, nilitoa goroli moja ndogo kwenye ekseli. Moja tu! Ziko nyingi mle, hatajua. Siku moja itamchosha, ataniomba mwenyewe niichukue. Si mpango. Ni dhamana.

Goroli nimeificha mahali salama. Régine hawezi kuiona, maana iko chini kabisa ya tumbo la mashini, na huko hafungui kamwe.

Ananiita. Anasema mashini imeanza kulia, kri-kri, kila anapokanyaga. Ajabu! Nimemwambia asiiguse. Nakimbia kwa Mama Mukandori kuomba siagi kidogo.